Usidharau jino lililooza: funzo kutoka mifupa ya Turkana

Je, mtu akishakufa na kubaki mifupa mitupu, daktari anaweza kujua aliugua nini? Wakati mwingine anaweza. Mfupa wa mtu aliye hai haukai bure. Ukivunjika, huunga na kuacha kovu. Usaha ukikaa karibu nao kwa wiki kadhaa, mfupa huliwa au huvimba. Alama hizo hubaki hata baada ya miaka mingi ardhini.

Mfano uko hapa nchini. Mwezi wa Agosti 1984, Bw Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulitoa sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Meno yake yaonyesha alikuwa na miaka 8 au 9 hivi, ingawa kwa kimo ungemdhania mkubwa zaidi.

Linalotuhusu ni taya lake la chini. Mahali jino la utotoni lilipotoka, mfupa una dalili za ufizi ulioambukizwa. Watafiti walidokeza kwamba huenda viini viliingia katika damu vikamuua. Hakuna ajuaye kwa hakika, lakini sisi madaktari hatushangai, kwani jambo hilo hutokea hadi leo.

Mvulana yule hakuwa na daktari, wewe unaye. Hapa Sigowet huja wagonjwa ambao wamesukutua maji ya chumvi na kumeza vidonge vya maumivu siku nyingi, hata shavu likafura. Vidonge hutuliza tu, usaha ungalipo. Hata antibiotiki pekee haitoshi. Sharti jino lenyewe litibiwe au ling'olewe.

Uvimbe ukishuka shingoni, ukapata homa, kinywa kikakataa kufunguka, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na mtoto akilalamika, usimwambie kwamba ni jino la utotoni tu, litang'oka lenyewe. La mvulana wa Nariokotome lilitoka pia. Mpunguzie sukari katika chai, msimamie apige mswaki kwa dawa yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala, na ukiona tundu, mpeleke kabla halijauma.