Watazamaji wa Mkwajuni wahesabiwa Dar es Salaam

MWENYE duka la pampu na makarasha anayetaka kuwafikia wachimbaji wa dhahabu wa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, anaweza kuuziwa nafasi ya tangazo katika tovuti ya bei za madini. Kivutio ni idadi ya watazamaji. Kabla ya kutoa fedha, na aulize idadi hiyo imepatikanaje.

Kila faili inapoombwa, seva huandika mstari katika kumbukumbu zake: anwani ya intaneti ya aliyeomba, saa, jina la faili na namba ya matokeo, yaani 200 ikipatikana, 404 isipokuwepo. Ukurasa mmoja wenye picha 10 huweza kuacha mistari 11. Kuuza mistari hiyo kama watu 11 ni ulaghai wa zamani.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu huchambuliwa na kuingizwa katika programu ya takwimu. Analog ilianza kufanya kazi hiyo mwaka 1995. Leo ipo Matomo, ambayo huacha picha na mashine za kupekua intaneti, isipokuwa mwenye tovuti ameamuru zihesabiwe. Faili ileile ikiingizwa mara mbili, watazamaji nao huweza kuongezeka maradufu bila mtu hata mmoja kuongezeka.

Saa nazo zina hasara yake. Seva iliyowekwa kwa saa za Greenwich iko nyuma ya Tanzania kwa saa 3. Wanunuzi wakifungua bei saa 2 asubuhi, ripoti isiyorekebishwa itasema saa 11 alfajiri, na tangazo litalipiwa wakati watu wamelala.

Gumu zaidi ni mahali. Wateja wengi wa simu za mkononi hutoka nje kwa anwani chache za kampuni yao, na programu hukisia mji kwa kutazama anwani hizo. Mchimbaji wa Mkwajuni anaweza kuandikwa Dar es Salaam. Wawili wenye simu za aina moja wanaweza kuhesabiwa mmoja. Sifuri ya Mkwajuni haithibitishi kwamba soko halipo, wala maelfu ya Dar es Salaam kwamba lipo huko.

Njia rahisi ni kuweka katika tangazo namba ya simu isiyotumika kwingine, kisha kuhesabu wanaopiga kutoka Mkwajuni kwa mwezi mmoja. Mkataba wa mwaka usubiri.