Karandinga la Edison

Wafanyakazi wa Thomas Edison waliibandika studio yao ya filamu jina la Black Maria. Hivyo ndivyo Wamarekani walivyoliita gari jeusi la polisi la kubebea mahabusu. Kwetu tungesema karandinga. Studio yenyewe ilikuwa banda la mbao lililofunikwa karatasi nyeusi ya lami, nalo lilijengwa West Orange, New Jersey, likakamilika Februari 1893 kwa dola 637.67. Mhasibu hakusamehe hata senti.

Aliyelibuni ni William Dickson, msaidizi wa Edison, na alikuwa na shida moja kubwa: mwanga. Filamu za siku zile hazikunasa picha bila jua kali. Basi Edison, mtu aliyesifika duniani kwa balbu, akawa anavizia jua kama mwanika dagaa. Sehemu ya paa ilifungwa kwa bawaba ili ifunuliwe. Jua likihama, banda nalo lilihama: lilikaa juu ya mhimili na reli ya duara, watu wakalisukuma mpaka miale iangukie jukwaani. Ndani nako kulikuwa kweusi tii, ndiyo maana Eugen Sandow, mtunisha misuli aliyefika Machi 1894, anaonekana kila msuli, na nyuma yake hakuna kitu.

Kwa kweli lilikuwa kamera yenye mlango. Kamera halisi iliyokaa ndani ilikuwa mzigo ulioendeshwa kwa mota ya umeme, haikubebeka kwenda sokoni wala bandarini. Dunia ndiyo iliyoifuata: Annie Oakley na bunduki yake, mcheza dansi Carmencita, mabondia. Fred Ott hakutoka mbali, alikuwa fundi wa hapohapo. Januari 1894 alipiga chafya mbele ya kamera, na chafya hiyo ya sekunde chache inatazamwa mpaka leo.

Ili kuziona filamu hizo, watazamaji waliinama mmoja mmoja juu ya sanduku lenye tundu. New York, Aprili 1894, senti 25 zilikupa safu ya masanduku matano.

Mwaka uliofuata, kule Lyon, Ufaransa, ndugu Lumière walikuwa na kamera ya kubebeka kwa mkono. Waliisimamisha nje ya kiwanda chao, wakawapiga picha wafanyakazi wakitoka kazini. Jua lilikuwa palepale nje, bure.

Edison alihamia studio ya paa la kioo Manhattan mwaka 1901. Miaka miwili baadaye banda likabomolewa.