Tunguu moja la ua kwa pauni 1,850: bei hiyo hutoka wapi?

Mwaka 2022, tunguu moja la ua la bustanini liliuzwa Uingereza kwa pauni 1,850 katika mnada wa eBay. Lilikuwa la Galanthus, aina iitwayo Golden Tears. Mwaka 2015 aina ya Golden Fleece ilifikia pauni 1,390, na mwaka 2012 Elizabeth Harrison ilinunuliwa kwa pauni 725.

Galanthus ni ua dogo jeupe linalochanua Ulaya wakati wa baridi, hasa Januari hadi Machi, bustani nyingi za nyumbani zikiwa hazina ua. Aina za kawaida ni za bei nafuu. Aina mpya hupanda bei kwa sababu ya uhaba: tunguu huzaana polepole, hivyo mwenye mbegu ana mzigo mdogo huku wanaoitaka wakiwa wengi.

Anayenunua kwa kutazamia faida hana budi kuwa mwangalifu. Tunguu moja huweza kukatwa vipande vingi, na kila kipande kikafanya tunguu jipya baada ya miaka michache. Ugavi ukiongezeka, bei hushuka. Aliyenunua bei ikiwa kileleni huweza kubaki na matunguu mengi yasiyorudisha mtaji wake. Zipo pia gharama za vibali. Galanthus zote zimo katika mkataba wa CITES, na tangu Januari 2021 mzigo unaotoka Uingereza kwenda Umoja wa Ulaya hudai kibali hicho pamoja na cheti cha afya ya mimea.

Huko Romania, maua hayo huuzwa mitaani kwa mafungu, sambamba na mărțișor, pambo dogo lenye uzi mwekundu na mweupe ambalo watu hupeana Machi 1. UNESCO iliitambua mila hiyo mwaka 2017. Kwa anayetengeneza mapambo hayo kwa mkono, uzi na shanga ni gharama ndogo. Kubwa ni muda wake, naye hushindana na mapambo ya kiwandani. Siku hiyo ikipita, wateja hutoweka, na mzigo uliobaki hufunga mtaji hadi mwaka unaofuata.

Kabla ya kutia fedha katika bidhaa ya msimu, mfanyabiashara apate kwanza majibu mawili: ugavi unaweza kuongezeka haraka kiasi gani, na siku ya mwisho ya kuuza ni ipi.