Redio ya Mtaa Wakati wa Hatari

Mtaa wa Mbotela, kando ya barabara ya Jogoo mjini Nairobi, una nyumba zilizokaribiana sana. Mtu akikohoa usiku, jirani yake humsikia. Lakini siku ya moto au mafuriko sauti ya mtu haifiki mbali, na ile ifikayo mara nyingi hufika imepotoka. Kwa hiyo yafaa kila mtaa ufikiri mapema juu ya njia ya kupashana habari.

Tukumbuke msiba wa Sinai. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba na kuingia katika mfereji wa kijiji hicho, katika Mukuru, si mbali na Mbotela. Habari ilienea upesi kwa midomo ya watu, lakini ilikuwa habari ya mafuta ya bure, si habari ya hatari. Watu walikimbilia huko na ndoo na mitungi. Moto ukawaka, na watu wapatao 100 wakafa. Basi tujue ya kuwa habari haikosi kusafiri. Shauri kubwa ni ipi itakayotangulia kufika, iliyo kweli au isiyo kweli.

Wengine watasema, "Tuna simu mfukoni, redio ya nini?" Jibu ni hili: simu ya mkononi hupitia mnara, na mnara huhitaji umeme. Tena watu wengi wakipiga kwa mara moja, mnara hulemewa. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Usiku kama huo, redio ndogo ya mawe huendelea kunena.

Redio zenye kufaa ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya kusikiliza tu, ambayo huleta matangazo ya Redio Taifa na maonyo ya mvua ya Idara ya Hali ya Hewa. Ziko pia redio za mitaa, kama Koch FM iliyoanzishwa Korogocho mwaka 2006. Hizo huwajua wasikilizaji wake na vichochoro vyao.

Ya pili ni simu ya upepo, redio ndogo ya mkononi ya kusema na kusikia. Haihitaji mnara, husema moja kwa moja na mwenzake, lakini kuta na mabati hupunguza nguvu yake. Mwenye kuitumia hubonyeza kitufe akisema, kisha hukiachilia apate kusikia. Wawili wakisema pamoja, sauti zao huvurugana. Kabla ya kununua chombo hiki, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya juu ya leseni na masafa yanayoruhusiwa.

Lakini chombo pasipo utaratibu ni kelele tu. Wazee wa Nyumba Kumi waweza kuanza hivi:

Kwanza, wachague watu wachache wenye utulivu, wake kwa waume, kila mmoja na sehemu yake ya mtaa.

Pili, wafanye majaribio kila juma kwa saa ileile, ili betri zisikutwe zimekufa siku ya haja.

Tatu, kila onyo liwe na mambo matatu: ni nini, ni wapi, na watu wafanye nini. Mfano: "Gesi yavuja karibu na duka la kona. Msiwashe moto. Tokeni kwa njia ya shuleni." Mwenye kupokea alirudie neno kwa neno kabla ya kulipitisha.

Nne, mmoja awe na kazi ya kuwaita wasaidizi kwa 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, maadamu simu zafanya kazi.

Liko jambo moja la kuangalia sana. Mahali penye harufu ya gesi au petroli, usibonyeze kitufe cha redio wala cha simu, maana cheche ndogo yatosha kuwasha moto. Ondoka kwanza, ufike mbali, ndipo useme.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji majirani wakutane jioni moja, wapatane nani atasema na nani atasikiliza. Tahadhari kabla ya hatari.