Usukani Mzito Si Kiu ya Oili

Usukani wa gari la familia ukiwa mzito ghafla, mara nyingi kilichokufa ni kisaidizi chake, yaani paua steringi, wala si kile kinachogeuza magurudumu. Mhimili wa usukani hushuka hadi kwenye reki, reki ikasukuma magurudumu ya mbele, na njia yote hiyo ni chuma kwa chuma. Kisaidizi kikifa, chuma hakikatiki. Gari bado linakata kona, ila kwa jasho la dereva. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa kuhusu usukani inalazimisha jambo hilo: gari la abiria lililopoteza kisaidizi, likienda kilomita 10 kwa saa, lazima liweze kuingia kwenye mzingo wa nusu kipenyo cha mita 20 kwa nguvu ya mkono isiyozidi nyutoni 300. Hiyo ni kama kubeba kilo 30: mtungi wa maji wa lita 20 na nusu ya mwingine. Gari lenye kisaidizi kizima haliruhusiwi kuvuka nusu ya nguvu hiyo.

Ndiyo sababu madereva husimulia hitilafu moja kwa namna mbili. Anayetoka Nairobi akienda kilomita 80 kwa saa huenda asihisi lolote, kwa kuwa gurudumu linalozunguka kwa kasi hugeuzwa kwa nguvu kidogo. Habari humfikia Kyumvi, anapopunguza mwendo ili aache barabara ya Mombasa na kushika ya Machakos. Mikono inavuta, usukani hautaki. Akifika nyumbani atasema steringi ililoki. Mwenzake ambaye kisaidizi kilimfia akiegesha sokoni atasema tu kwamba imekuwa nzito. Ugonjwa ni mmoja; wa kwanza alicheleweshewa habari.

Kuloki kwa kweli ni kazi ya kitasa cha kuzuia wezi kilicho kwenye mhimili wa usukani, ambacho hujifunga ufunguo ukichomolewa. Machakos pana mahali ambapo watu hukijaribu bila kujua. Ni Kyamwilu, kwenye kilima cha Kituluni, ambapo wageni huzima injini, hutoa gia na kushangilia gari "likipanda mlima". Gari halipandi. Linateremka, ila sura ya vilima vinavyozunguka barabara inayadanganya macho. Na linateremka huku injini imezimwa: pampu ya usukani haizunguki, na breki zimebakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu hivi. Anayechomoa ufunguo juu ya hayo ameukabidhi usukani kwa kitasa. Mchezo wenyewe hauhitaji injini izimwe. Gia ikiwa kwenye N na injini ikinguruma, gari hubingirika vilevile.

Hayo madereva wengi huyaelewa wakielezwa mara moja. Kisichowaingia ni kwamba swali "niongeze oili gani?" ni baya kabla hata halijajibiwa. Huulizwa huku kopo liko mkononi tayari, na swali lenyewe limejengwa juu ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila gari lina oili ya steringi. Kisaidizi cha umeme kiliingia sokoni Japani mwaka 1988 katika Suzuki Cervo, na kimeenea tangu hapo. Toyota Vitz ya kuanzia 2005, Honda Fit na Nissan Note, magari yanayoonekana kila kona ya Machakos, hayana hata tone la oili hiyo. Kinachosaidia mkono ni mota ya umeme iliyofungwa kwenye mhimili, chini ya dashibodi. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, karibu kila gari dogo linaloshushwa bandarini Mombasa leo ni la aina hiyo.

Haya basi, boneti inafunguliwa na fundi wa kando ya barabara anatafuta kikopo cha oili ya steringi. Hakipo. Karibu na ukuta wa nyuma wa injini anaona kikopo kidogo cha plastiki nyeupe chenye alama mbili, MAX na MIN, na kimiminika kimeshuka kidogo. Anamimina oili nyekundu mpaka juu. Hicho ni kikopo cha breki. Mipira ya breki imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki, ambayo ni ya jamii ya glaikoli, na haivumilii oili itokanayo na mafuta ghafi. Ikiguswa nayo hunywa, huvimba na kulegea. Pistoni hukwama, breki hushika zenyewe au hukosa kushika kabisa, na dawa yake ni kubadilisha kila mpira kuanzia pampu kuu hadi kwenye magurudumu. Gari lililokuja na usukani mzito linaondoka na breki mbovu, na usukani bado mzito. Kuna fundi atakayelipwa kwa kazi hiyo.

Kosa la pili linayahusu magari yenye oili kweli, kama Toyota nyingi za zamani. Oili ya steringi haichomwi wala hailiwi. Huzunguka tu, kutoka kwenye kikopo hadi pampu, hadi reki, na kurudi. Ikipungua, imetoka, na palipotoka bado pako wazi. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kujaza ndoo iliyotoboka na kuisifu ndoo.

Hapo ndipo huzuka tiba inayosifiwa kuliko zote, ya kutia mafuta ya breki kidogo ili mvujo ukauke. Na mvujo hukauka, hapo ndipo penye mtego. Mipira ya pampu na reki imetengenezwa kwa ajili ya oili itokanayo na mafuta ghafi. Mafuta ya breki yakiingia, mipira hiyo huvimba, ikabana tundu, na kadibodi iliyotandikwa chini ya gari ikaamka asubuhi bila doa jekundu. Fundi hupewa sifa na jirani hupewa siri. Lakini mpira uliovimba unaendelea kulainika hadi unachanika kwa shinikizo la pampu, ambalo katika kona kali huwa makumi ya mara ya lile la hewa ya tairi. Sasa haivuji mpira mmoja, inavuja yote. Dawa za kopo za kuziba mvujo nazo huvimbisha mpira, ingawa kwa adabu zaidi. Zinaweza kumfikisha mtu Kitui, lakini gari halijapona. Oili ya injini haivimbishi mpira kwa namna hiyo, ila ni nzito mno kwa pampu asubuhi ya baridi, na pampu hulia kama ng'ombe aliyetenganishwa na ndama.

Kama usukani mzito ungekuwa kiu ya oili, kampuni ya General Motors isingeyaita magari yapatayo milioni 1.3 yarudi kurekebishwa Machi 2010, mengi yakiwa Chevrolet Cobalt, kwa sababu kisaidizi kilikuwa kikizimika. Magari hayo yalitumia mota ya umeme, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba bado yaliweza kuongozwa, ila uzito ungehisiwa zaidi chini ya maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24.

Yafaayo kufanywa ni machache. Kwenye gari la oili, kwanza utazamwe mkanda unaozungusha pampu: uliolegea hupiga kelele usukani ukikatwa hadi mwisho, hasa baada ya injini kuoshwa. Kisha oili yenyewe. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima, nyeusi yenye harufu ya kuungua imechoka, na yenye povu imevuta hewa. Aina ya oili mara nyingi huandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki; Honda za oili hutaka ya kwao. Paipu ikivuja, ibadilishwe paipu. Pampu ikivuja, sili zake. Reki ikivuja, ikarabatiwe au inunuliwe eksi-Japani. Mifuko ya mpira ya reki iliyochanika isisubiri, maana vumbi la barabara za changarawe hula reki kimyakimya.

Kwenye gari la umeme, betri kwanza. Injini ikizimwa isome volti 12.6 hivi, ikinguruma 13.5 hadi 14.5; volti zikishuka mno, kisaidizi hujipunguza au hujizima ili kuziachia sehemu nyingine umeme. Baadaye fyuzi, viunganishi vya nyaya, na mashine ya kusoma hitilafu, ambayo hutaja sehemu yenye kasoro kwa dakika chache. Mhimili wa kubadilishia uwe na namba ileile ya spea, si sura ileile, na ukishafungwa sehemu ya katikati ya usukani ipangwe upya kwa mashine, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Uzito unaokuja baada ya kuzungusha usukani mara nyingi gari likiwa limesimama si ubovu: mota imepata joto na imejipunguza kwa makusudi. Hurudi ikipumzishwa dakika kumi hivi.

Gari lenye usukani mzito tu linaweza kuendeshwa polepole hadi gereji, mikono miwili ikishika na nafasi kubwa ikiachwa mbele. Usukani unaocheza, unaogonga, au unaozunguka kidogo kabla magurudumu hayajaitikia ni jambo jingine kabisa. Hapo si kisaidizi tena, ni ile njia ya chuma yenyewe, na gari huvutwa.