Moto Umezimika, Masizi Yangaliko

Ukimwona mzima moto akitoka katika nyumba iliyoungua, uso wake mweusi, nguo zake zimejaa masizi, utamsifu, maana ameokoa watu. Lakini uyatazame vema masizi yale. Hayo nayo ni adui.

Habari hii si ngeni. Mwaka wa 1775 mganga wa London, jina lake Percivall Pott, aliandika juu ya wasafishaji wa mabomba ya moshi. Walianza kazi wangali watoto, wakipanda ndani ya mabomba. Baada ya miaka wengine walipata kidonda katika ngozi ya mfuko wa korodani, nacho kilikuwa kansa. Pott alitambua kwamba kilitoka katika masizi.

Na wazima moto je? Huko Marekani wachunguzi walifuata habari za wazima moto karibu 30,000 wa Chicago, Philadelphia na San Francisco, tangu 1950 mpaka 2009. Waliona kwamba kansa iliwapata kuzidi watu wengine kwa 9 katika mia, na vifo vya kansa vilizidi kwa 14 katika mia. Mwaka wa 2022 wataalamu 25 walikutana Lyon, Ufaransa, wakakata shauri kwamba kazi ya kuzima moto huleta kansa. Ushahidi ulikuwa wa nguvu kwa kansa mbili: ile ya kibofu cha mkojo, na ile ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu.

Sumu huingiaje? Huingia kwa pumzi. Huingia kwa ngozi, hasa shingoni. Huingia kwa kinywa, mtu akila na mikono michafu. Nyumba kuukuu zikiungua au kubomoka, vumbi la asbesto huruka na kukaa mapafuni miaka mingi.

Si kila mzima moto atapata kansa. Lakini afanye nini ajilinde?

1. Asivue kifuniko cha kupumulia upesi. Moto ukizimika, moshi na vumbi vingaliko.

2. Nguo zioshwe palepale. Katika majaribio ya Marekani, maji, sabuni na brashi viliondoa sumu fulani za moshi kadiri ya 85 katika mia. Brashi kavu iliondoa 23 tu.

3. Afute shingo, uso na mikono mara moja, kisha aoge mwili wote kwa sabuni.

4. Asipeleke nguo za kazi nyumbani, wala asizitundike mahali pa kulala. Masizi yasiwafikie watoto.

5. Asivute tumbako, maana nayo huleta kansa ya kibofu.

6. Akiona damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, aende hospitali. Vivyo hivyo akikosa pumzi au kifua kikimwuma siku nyingi. Amwambie mganga, «Kazi yangu ni kuzima moto.»

Wako wanaojivunia nguo nyeusi, wakisema ni alama ya ushujaa. Ndugu, usidanganyike. Nguo hiyo haionyeshi ushujaa. Inaonyesha sumu isiyooshwa. Kama wewe ni mzima moto, au mwana wako, au mume wako, anza leo. Ndoo ya maji, sabuni na brashi si vitu vya gharama kubwa.