Raifo ya Kuwindia: Bei ya Dukani ni Mwanzo Tu

Kuna mnunuzi mmoja nitamwomba atoke kwenye foleni mapema. Ni mkulima wa Qurus, au wa vijiji vya Karatu vilivyopakana na msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, anayewaza bunduki kwa sababu tembo wamepita kwenye mahindi na mbaazi zake. Ndugu yangu, pesa hiyo itunze. Mnyamapori ni mali ya serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inamtambua aliyeua kwa kujihami, ila lazima atoe taarifa, na nyara hazimhusu. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi 5. Kiwango cha juu kabisa cha kanuni hizo, yaani shilingi 500,000, ni thamani ya maboksi mawili hivi ya risasi za .375, ishirini kila boksi. Bunduki yenyewe bado hujainunua. Kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, mizinga ya nyuki mpakani mwa shamba, tochi kali na namba ya simu ya askari wa wanyamapori vitakugharimu kidogo kuliko hapo, na havikupeleki mahakamani.

Waliobaki ni wenye leseni: mwindaji mwenyeji anayetafuta nyama kihalali, na kijana wa Karatu anayefanya kazi kwenye kampuni za uwindaji wa kitalii au anayesomea uwindaji bingwa. Hawa nao wakumbuke kwamba ndani ya eneo la Ngorongoro hakuna uwindaji. Raifo itakayonunuliwa hapa itafanya kazi kwenye maeneo mengine, mara nyingi mbali na nyumbani, na jambo hilo linabadilisha hesabu nzima kuliko jina lililochongwa kwenye mtutu.

Kaliba ndiyo ya kwanza kuamuliwa. Kwa swala, ngiri, kongoni na nyumbu, .30-06 inatosha kabisa. Ni risasi iliyozaliwa jeshini Marekani mwaka 1906, haipigi teke la kutisha, na raifo zake za kiwandani ni miongoni mwa zenye bei nafuu. Mwandishi Ernest Hemingway alipowinda pande za Ziwa Manyara, msimu wa 1933 hadi 1934, alikuwa na bunduki kubwa ya mitutu miwili ya .470, lakini aliipenda zaidi Springfield yake ya .30-06, hata mbele ya wanyama wakubwa. Leo hangeruhusiwa. Kwa nyati, simba na tembo Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375, na nyati aliyejeruhiwa atakueleza sababu.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: .375 H&H, .416 Rigby au .458 Winchester? Ya kwanza ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Inasukuma kichwa cha gramu 19 na ushei kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Ya pili ni ya 1911, kichwa chake ni gramu 26, na nguvu yake ni kubwa zaidi. Ya tatu, ya 1956, inabeba gramu 32 lakini inakwenda polepole, kwa hiyo inafaa kwa karibu, vichakani. Askari wengi wa wanyamapori wa Afrika Mashariki wameibeba .458 kwa miaka mingi, na kwa kazi yao sina neno. Kwa anayenunua raifo moja tu maishani, mimi ni mtu wa .375. Inampiga swala kwa mbali bila kumchanachana, inamwangusha nyati, na bega la mtu wa kawaida linaivumilia kiasi cha kufanyia mazoezi. Teke la .416 huwafanya wengi wafumbe macho kabla ya kuvuta. Tena mashirika ya ndege kwa kawaida humruhusu abiria kilo 5 za risasi: za .375 zinakaribia 120, za .416 Rigby hazivuki 90 na kitu.

Sasa majina. Bei ninazotaja ni makadirio ya maduka ya Marekani miaka ya karibuni, kabla ya usafiri, kodi na faida ya wakala mwenye kibali cha kuingiza silaha. Ruger American ya .30-06 ni kama dola 500 hadi 600. Kitako chake ni cha plastiki na hakina uzuri wowote, lakini inapiga unapolenga. Winchester Model 70 Safari Express ya .375 huanzia dola 1,600 hivi. Ruger Hawkeye African iko jirani na bei hiyo na ni bunduki nzuri, ila wengi huiuza kwa kaliba ya .375 Ruger, iliyotoka 2007. Ukiishiwa risasi hizo katikati ya msimu, uliza Arusha uone watakavyokutazama. Blaser R8 ya Ujerumani inavuka dola 4,000 bila darubini. Komeo lake linavutwa moja kwa moja nyuma, haraka ajabu, na mtutu unabadilishwa. Nimeshindwa kuona kwa nini mtu wa Karatu alipie hayo.

Iliyobaki ni CZ 550 ya kiwanda cha Uherský Brod, Ucheki, pamoja na mama yake, Brno ZKK 602. Ilipokuwa ikitengenezwa, CZ ya .375 iliuzwa Marekani kwa dola 1,200 na kidogo. Kiwanda kimeacha kuitengeneza, kwa hiyo utaipata mkononi mwa mtu. Inabeba risasi tano kwenye magazini, ina uzito wa zaidi ya kilo 4, na komeo lake lina ule ukucha mrefu wa Mauser ya 1898 unaolishika ganda tangu linapotoka magazinini. Ukivuta komeo kwa hofu ukaishia nusu, ganda halidondoki wala risasi mbili hazigombani mlangoni. Komeo lake jipya hukwaruza kidogo, ila hulainika kwa matumizi. Kati ya CZ iliyotumika vizuri na Winchester mpya, ningechukua CZ, tofauti ya bei ikaenda kwenye risasi za mazoezi.

Maana gharama hazijaisha. Sheria ya silaha ya 2015 inataka kibali kabla ya kununua. Ombi huanzia kijijini, hupita kamati za ulinzi na usalama, na hufika Polisi. Weka hesabu ya nauli na siku za kazi zinazopotea. Ongeza sanduku la chuma lenye kufuli, darubini ya kukuza kidogo isiyolegea kwa teke, mafuta na fimbo ya kusafishia, kwani vumbi la Karatu wakati wa kiangazi huingia kila mahali. Kisha ada ya leseni, na ya kila mnyama peke yake.

Ukienda kuikagua iliyotumika, nenda na fundi wa silaha mwenye leseni. Atazame mdomo wa mtutu kama umegongwa, ndani kama kuna vishimo vya kutu, kitako kama kimepasuka nyuma ya komeo, na ukucha kama haujamenyeka. Alishe risasi bandia tano, polepole na kwa kasi. Halafu mlinganishe namba iliyo kwenye chuma na iliyo kwenye leseni ya muuzaji. Ikipishana hata tarakimu moja, mrudishie bunduki yake uondoke.